Maswali na Majibu: Kuilinda Miguu Dhidi ya Unyevu na Baridi Mlima Kilimanjaro

Swali: Kwa nini baridi huanzia miguuni?

Jibu: Mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya damu ya ngozini, hasa ya mikononi na miguuni, ili joto lisipungue kwenye moyo, mapafu na ubongo. Vidole vya miguu viko mbali na moyo, havina misuli mikubwa ya kuzalisha joto, na muda wote vimekaribiana na ardhi ya baridi. Sigara nayo huibana mishipa hiyohiyo, kwa hiyo anayevuta kambini ili apate joto anajidanganya.

Swali: Nitapanda kwa njia ya Machame. Je, hatari haiko usiku wa kuelekea kileleni tu?

Jibu: Baridi kali iko juu, lakini unyevu mara nyingi huuchukua chini. Siku ya kwanza njia hupita msituni, penye mvua na matope, kutoka langoni hadi kambi iliyo kwenye mita 2,835 hivi, na huko hakuna anayeiwazia baridi kwa sababu kila mtu anatokwa na jasho. Buti zilizolowa siku hiyo hukauka kwa shida katika kambi za juu, na ndizo utakazovaa usiku wa manane ukiondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa iliyotulia kwa takriban mara 25. Kwa maoni yangu, mguu unaoganda karibu na kilele kwa kawaida ulianza kulowa msituni.

Swali: Nivae soksi ngapi?

Jibu: Mbili zinatosha: nyembamba isiyo ya pamba ndani, na nene ya sufu juu yake. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, ilhali sufu huhifadhi joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu anayevaa soksi tatu au nne ndani ya buti lililomtosha kwa soksi moja. Buti hubana, damu haipiti vizuri, na mguu hupoa zaidi kuliko kama angevaa chache. Vidole ni lazima viweze kucheza ndani ya kiatu. Jozi moja kavu ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji na isiguswe hadi usiku wa kileleni, hata kama soksi nyingine zote zimelowa.

Swali: Buti zikilowa, nizikaushe vipi?

Jibu: Toa soli za ndani, jaza magazeti, uyabadilishe yakilowa. Usizisogeze kwenye jiko, kwa kuwa ngozi hupasuka na gundi huachia.

Swali: Mimi ni mpagazi, na buti zangu ni za mtumba zinazopitisha maji. Nifanyeje?

Jibu: Kati ya soksi nyembamba na soksi nene, vaa mfuko wa mkate. (Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania mwezi Juni 2019, lakini wa mkate bado unapatikana, hakikisha tu unashuka nao.) Jasho litabaki ndani bila kuilowesha soksi ya nje, na maji yanayopita kwenye buti hayataufikia mguu, ingawa soksi ya nje yanaweza kuilowesha. Ukifika kambini vua vyote na ukaushe miguu, kwa sababu ngozi inayokaa majimaji kwa saa nyingi huharibika hata pasipo barafu; askari wengi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia waliumia hivyo mahandakini.

Swali: Nitajuaje kwamba miguu imeanza kudhurika?

Jibu: Ogopa zaidi maumivu yanapokoma ghafla na ganzi kuingia, kwa maana huko si kupona. Ngozi hupauka au kuwa ya kijivujivu, kisha hukakamaa kama nta. Mwambie kiongozi wako mara moja na muanze kushuka. Usisugue, usipashe kwenye moto, wala usitumbue malengelenge. Vidole vyenye ganzi ambavyo bado ni laini vinaweza kuwekwa kwenye tumbo la mwenzako hadi hisia zirudi. Mguu uliokwisha kuganda hupashwa katika maji ya nyuzi joto 37 hadi 39 pale tu ambapo hautaganda tena, kwa sababu kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Ikibidi kutembea, ni afadhali ushuke nao ukiwa hivyohivyo hadi hospitalini.