Samaki Hawana Hesabu? Njoo Ziwani

Huyu ni wa tano mwaka huu. Najua ni wa tano kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu: nahesabu samaki wa Ziwa Victoria. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, majirani zangu hapa Nyegezi, Mwanza, huniletea watoto wao niwashauri, maana wananiona nikipanda boti na madumu ya sampuli, wakajua huyu basi atakuwa kasoma.

Wa tano alikuja Jumamosi na mama yake. B ya Kemia, B ya Baiolojia, C ya Fizikia, D ya Hisabati. Hata shikamoo yake sijaiitikia vizuri, akaanza: "Mjomba, kwenye Selform niliweka PCB, sasa nabadilisha niende CBG. Nataka kuwa mtaalamu wa samaki kama wewe. Samaki hawana hesabu." Selform ni fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano; PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia.

Mama yake naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia neno la hekima.

Nimalize kwanza yale mepesi. Ukiacha Fizikia, udaktari wa binadamu umeuaga. Vigezo vya vyuo vikuu vinataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, zote zianzie D. Uhandisi wa ujenzi unadai Fizikia na Hisabati yenyewe, kwa hiyo aliyevutiwa na daraja la Kigongo–Busisi aende PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, asinizungushe. Uvuvi unaingilika kwa PCB na kwa CBG pia, binti hakukosea hapo. Asiyetaka kidato cha tano wala cha sita, FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, wako hapa hapa Nyegezi, wanafundisha uvuvi kuanzia ngazi ya cheti. Tahasusi mpya, yaani michanganyo mipya ya masomo iliyotangazwa 2024, sizigusi leo, hatutalala.

Ila hilo la kukwepa hesabu ndilo lililonipandisha presha. Kwanza, CBG ina BAM, somo la hesabu za msingi. Umemfukuza mgeni mlangoni, karudi kupitia dirishani na begi lake. Pili, samaki.

Nikamwambia avae ndala twende mwaloni, samaki wanaposhushwa. Kuna mama pale huuza sangara na dagaa, ana mzani wa kuning'iniza na ulimi usiolala. Siku hiyo alikuwa na sangara mmoja wa sentimita 50, ndio kwanza amefikisha urefu unaoruhusiwa kuvuliwa. Mzani ukasoma kilo moja na nusu. Nikamuuliza binti: wa mita moja atakuwa na kilo ngapi?

"Tatu."

Mama wa samaki akaacha kufukuza nzi. "Kilo tatu? Mita nzima? Huyo ni mgonjwa, usimnunue."

Yeye hajasoma BAM, lakini mikono yake inajua. Sangara akirefuka mara mbili, upana wake nao unakuwa mara mbili, na unene mara mbili. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Wa mita moja anakaribia kilo kumi na mbili. Kwa hiyo uzito unafuata urefu kwa kipeo cha tatu, au karibu na tatu, na kwenye hilo "karibu" ndipo mshahara wangu ulipo. Kipeo kikizidi tatu kidogo, samaki wananenepa kadiri wanavyorefuka. Kikishuka, wanarefuka huku wamekonda, na hapo tunaanza kuuliza chakula kimeenda wapi. Tofauti yenyewe ni ya desimali. Ukichora urefu na uzito wa samaki mia tatu unapata mstari uliopinda ambao jicho haliwezi kuupima; ukichukua logi za pande zote mbili, unanyooka, na mteremko wake ndio kipeo chako. Logi hizo hizo za kidato cha pili ambazo darasa zima liliuliza "hizi zitatusaidia nini maishani?" Haya, zimekusaidia.

Na Fizikia? Huwezi kukausha ziwa la kilomita za mraba 68,800 ili uhesabu kilichomo. Tunatumia mwangwi. Kifaa chini ya boti kinapiga sauti, sauti inashuka majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, inagonga kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, inarudi. Kwenye kina cha mita 40, ambacho ndicho kina cha wastani cha ziwa hili, kwenda na kurudi ni kama sehemu tano za mia za sekunde. Muda unakupa kina, nguvu ya mwangwi inakupa ukubwa. Nguvu hiyo inapimwa kwa desibeli, na desibeli ni nini? Logi tena. Samahani.

Sasa niseme ambalo kwenye ripoti huwa tunalipitia haraka. Mwangwi hautaji jina. Sangara mkubwa anajulikana, lakini sangara mchanga, furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, na dagaa wakichanganyika, kwenye skrini ni ukungu mmoja. Tunakokota wavu tuone nani yupo, kisha tunagawa ukungu kwa uwiano wa tulichokipata, na wavu nao una upendeleo wake. Dagaa wakipanda juu kabisa usiku, wengine wanakuwa juu ya kifaa chenyewe, hatuwaoni. Nimewahi kukaa na mwenzangu, data moja, chai moja, tukatoka na makadirio mawili tofauti ya tani, na kila mmoja alikuwa na sababu zake nzuri. Anayekuletea idadi ya samaki bila kukwambia inaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani, mwogope.

Mimi mwenyewe nilisoma CBG, kwa sababu ile ile ya binti huyu. Fizikia nilikuja kuisoma nikiwa na miaka 31, usiku, mtoto analia, naazima daftari la kijana wa kidato cha sita. Kwa hiyo simkatazi CBG. Jiografia imenifaa sana kwenye ramani na mikondo ya maji. Wala siwezi kumwahidi kwamba PCB itampa ajira, wapo wenye PCM nzuri kuliko yangu ya CBG wanaendesha bodaboda Buhongwa. Ninachogomea ni sababu yake tu.

Tukiwa tunaondoka, binti akasimama, akatoa simu ya mama yake.

"Mjomba, na wa sentimita 85 je?"

"Kokotoa."

Akagawa 85 kwa 50, akapata 1.7. Akazidisha 1.7 mara 1.7 mara 1.7, akakosea, akarudia. Kisha mara moja na nusu. "Kilo saba na kitu."

Mama wa samaki akamtazama, akatazama mzani wake. "Hapo sawa. Huyo nunua."

Fomu wameikamilisha Jumatatu. Ameandika CBG.