Je, wajua kwa nini Bunge la Kanada liliwatoza ushuru wauza mbao wake wenyewe?

Tarehe 6 Desemba 2006, mjini Ottawa, wabunge wa Kanada walipitisha muswada namba C-24. Ukiusoma kwa mara ya kwanza utadhani umekosewa kuandikwa. Serikali ilikuwa inaomba kibali cha kuwatoza ushuru Wakanada wanaopeleka mbao Marekani. Waliotozwa si Wamarekani wanaoingiza bidhaa Kanada. Ni wenye viwanda wa Kanada kwenyewe, kwa mali yao wenyewe, inapovuka mpaka kwenda kwa mnunuzi. Nchi nyingi huhangaika usiku na mchana ili bidhaa zake zitoke kwa wepesi, na hii ikajiwekea kizingiti. Walioupigia kura muswada huo walisema hiyo ni nafuu. Nafuu ya nini?

Mambo yalianzia msituni. Mbao zinazozungumzwa ni mbao laini, za miti jamii ya misonobari, kama ile ambayo kwetu Mufindi na Njombe huitwa misindano. Nyumba nyingi za Amerika Kaskazini husimamishwa kwa fremu ya mbao, mbili kwa nne na mbili kwa sita, kisha ndipo zinafunikwa kuta. Misitu ya Marekani peke yake haitoshelezi ujenzi huo, kwa hiyo Kanada ndiyo muuzaji mkubwa wa nje.

Ugomvi ni juu ya mwenye mti. Kanada, zaidi ya asilimia 90 ya misitu ni mali ya umma, na sehemu kubwa iko mikononi mwa serikali za majimbo. Kampuni hainunui ardhi. Inapewa kibali cha kuvuna, kisha inalipa mrabaha kwa kiwango kinachopangwa na jimbo. Aliyewahi kufuatilia vibali vya uvunaji kwenye msitu wa serikali wa Sao Hill ataielewa hali hiyo mara moja. Marekani, sehemu kubwa ya misitu ya kuvunwa ni ya watu binafsi, na bei ya mti uliosimama hupangwa na soko. Tangu mwaka 1982, wenye viwanda vya mbao wa Marekani wamekuwa wakisema kwamba mrabaha wa Kanada ni mdogo mno, na kwamba serikali inayouza mti chini ya bei ya soko inatoa ruzuku kwa mlango wa nyuma. Wakanada hujibu kwamba huo ni utaratibu tofauti wa umiliki, wala si ruzuku, na kwamba mvunaji kwao hubeba pia mzigo wa kutengeneza barabara za msituni na kupanda miti upya.

Mwaka 1986 pande mbili zilipatana kwa mara ya kwanza: Kanada itoze yenyewe asilimia 15 kwenye mbao zinazotoka. Mwaka 1991 Kanada ikajitoa. Mwaka 1996 ukaja mkataba mwingine, wa miaka mitano, uliokwisha Machi 2001. Siku chache baadaye wenye viwanda wa Marekani walipeleka malalamiko mapya serikalini kwao, na kufikia Mei 2002 mbao za Kanada zilikuwa zinalipishwa mpakani ushuru wa wastani wa asilimia 27: sehemu moja ya kufidia ruzuku, sehemu nyingine kwa madai kwamba zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo swali letu linapopata uzito. Chukua mbao za dola 300 zinazotozwa asilimia 15. Ushuru ni dola 45, na dola hizo zitalipwa tu, awe anatoza Mkanada au Mmarekani. Tofauti ni zinakoangukia. Ushuru wa kuingiza bidhaa huenda Washington. Ushuru wa kutoa bidhaa hubaki nyumbani, na chini ya muswada C-24 ulikusanywa na serikali kuu kisha, baada ya kutoa gharama, ukarudishwa kwenye majimbo yenye misitu. Tena kulikuwa na jambo la kuudhi zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyopewa jina la Seneta Robert Byrd, iliruhusu ushuru wa namna hiyo ugawiwe kampuni zilizolalamika. Maana yake mshindani wako anakushtaki, na ushuru unaotozwa unaweza kuishia mfukoni mwake. Shirika la Biashara Duniani liliikataa sheria hiyo, na Bunge la Marekani likaifuta mwaka 2006.

Kanada haikukaa kimya. Ilikwenda kwenye majopo ya usuluhishi ya NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini, na Agosti 2005 rufaa ya mwisho ya Marekani ilitupwa. Serikali ya Marekani haikurudisha fedha. Kufikia mwaka 2006 amana zilizolipwa na kampuni za Kanada zilikuwa kama dola bilioni 5 za Kimarekani.

Januari 2006 Wakanada walipiga kura. Chama cha Conservative cha Stephen Harper kikapata viti 124 kati ya 308, kikaunda serikali bila wingi bungeni. Waziri wa biashara ya kimataifa akawa David Emerson, mtu aliyewahi kuongoza Canfor, mojawapo ya kampuni kubwa za mbao nchini. Alikuwa amechaguliwa kwa tiketi ya chama cha Liberal, akahamia Conservative siku ileile baraza la mawaziri lilipoapishwa. Septemba 12, yeye na mwakilishi wa biashara wa Marekani, Susan Schwab, walitia saini mkataba.

Masharti yake yalikuwa magumu kumeza. Kati ya zile bilioni 5, zaidi ya bilioni 4 zingerudi Kanada, na bilioni 1 ingebaki Marekani. Nusu ya hiyo bilioni ilikuwa ya wenye viwanda waliofungua kesi. Kesi zote zifutwe. Na Kanada itoze ushuru wa kutoa mbao kila bei ya soko inaposhuka. Bei ikizidi dola 355 kwa futi za mbao 1,000 (kipimo cha ujazo wa mbao), hakuna ushuru. Ikishuka, ushuru unapanda kwa ngazi, asilimia 5, 10, hadi 15. Majimbo yaliruhusiwa kuchagua njia ya pili yenye viwango vidogo pamoja na ukomo wa kiasi. British Columbia na Alberta zilichukua njia ya kwanza, Quebec na Ontario ya pili.

Sasa, kama mkataba umekwisha kutiwa saini, Bunge liliitwa kufanya nini? Kanada, serikali inaweza kufunga mkataba na nchi nyingine bila Bunge kuuridhia. Ila haiwezi kumtoza mtu senti bila sheria ya Bunge. Kwetu Tanzania kanuni hiyo imo katika Ibara ya 138 ya Katiba, na tuna jambo ambalo Kanada haina: Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Wabunge wa Ottawa walipewa sheria waijadili huku mkataba wenyewe umefungwa. Hawakuweza kugusa hata neno lake moja. Na walipokuwa wanabishana, mkataba ulikuwa unafanya kazi tangu Oktoba 12. Sheria ilipopita ikasema ushuru unahesabiwa tangu siku hiyo.

Nadhani hilo ndilo lililowakasirisha wapinzani kuliko kitu kingine. Vyama vya Liberal na NDP vilikuwa na hoja nzito mkononi. Baada ya mapitio ya Desemba 2005, ushuru wa Marekani ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 10.8. Bei ya mbao nayo ilikuwa imeporomoka chini ya dola 315. Kwa hiyo muuzaji wa British Columbia alikuwa anatoka kwenye 10.8 anayotozwa na mgeni na kuingia kwenye 15 anayotozwa na serikali yake. Tena Julai mwaka huohuo mahakama ya biashara ya kimataifa ya Marekani ilikuwa imeamua kwa upande wa Kanada. Kwa nini umwachie bilioni mtu uliyemshinda mahakamani? Peter Julian wa NDP, mbunge kutoka British Columbia, aliupinga muswada kifungu kwa kifungu kwenye kamati. Kingine kilichowachoma ni kifungu kilichosema kampuni itakayokataa kuingia kwenye mpango itakatwa karibu moja ya tano ya fedha zitakazorudishwa. Mwenye haki yake alikuwa anaambiwa: ingia kwa hiari, au lipia kutokuingia.

Serikali ilijibu kwamba kesi zingekwisha leo na kesho zingefunguliwa nyingine, kama ilivyokuwa tangu 1982. Harper akasema kura hiyo ni ya imani kwa serikali yake: muswada ukianguka, nchi inarudi kwenye uchaguzi. Waliouvusha ni Bloc Québécois, chama cha jimbo la Quebec chenye viti 51. Wala hawakuufurahia. Walieleza kwamba viwanda vya kupasua magogo vya Quebec vimekaukiwa fedha, na wenye viwanda pamoja na wafanyakazi hawana nguvu ya kungoja hukumu nyingine. Mimi naiona kura hiyo kuwa ya uchungu lakini ya ukweli. Haki inayochelewa miaka mitano huua kiwanda kidogo hata kama kimeshinda kesi. Seneti ikaukubali muswada, na Desemba 14 ukawa sheria.

Utulivu ulioahidiwa haukuwa mkubwa. Nyumba zilipoacha kujengwa Marekani, bei ilibaki chini na ushuru ukakaa juu kwa muda mrefu. Mwaka 2008 wasuluhishi wa London, waliopewa kuamua migogoro ya mkataba huo, waliamua kwamba Kanada ilikosea kukokotoa ukomo wa majimbo ya mashariki, na mwaka uliofuata wakataja deni la dola milioni 68.26 za Kanada. Hata hivyo mkataba uliongezewa muda, ukadumu hadi Oktoba 12, 2015.

Mwaka mmoja wa kupumua ulipokwisha, malalamiko mapya yaliwasilishwa Washington, Novemba 2016, kwa hoja ileile ya mrabaha. Ushuru ukarudi mwaka 2017. Agosti 2025 ulifika karibu asilimia 35 kwa kampuni nyingi za Kanada, na Oktoba mwaka huo Marekani ikaongeza asilimia 10 nyingine juu yake. Hakuna tena sheria ya Ottawa ya kuzikamata fedha hizo kabla hazijavuka mpaka.