Nyumba na Ajira katika Miji Mikubwa: Dhana Potofu na Ukweli

Takwimu za nyumba na takwimu za ajira huandikwa na ofisi tofauti na kusomwa na watu tofauti, ilhali mtu anayehamia jijini huvitafuta vyote viwili kwa wakati mmoja: kazi, na makazi anayoweza kuyalipia kutokana na kazi hiyo. Dhana nyingi potofu huanzia kwenye utengano huo, na baadhi yake zina madhara makubwa kwa sababu huishia kuwa sera.

Dhana: Jiji linalopoteza wakazi limehamwa na watu wake wote.

Detroit, nchini Marekani, ndiyo hutolewa mfano kila mara. Mwaka 1950 ilikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85, na sensa ya mwaka 2020 iliwakuta takribani 639,000 tu. Hata hivyo, ukijumlisha jiji hilo na viunga vyake, unapata watu zaidi ya milioni 4, na jumla hiyo haijabadilika sana tangu miaka ya 1970. Familia nyingi na waajiri wao walivuka mpaka wa halmashauri, mapato ya ushuru yakawafuata huko, na jiji la kati likabaki na barabara, mabomba na shule zilizojengwa kwa ajili ya watu karibu mara tatu ya waliopo. Ndiyo maana Marekani huchora maeneo ya miji mikubwa kwa kuangalia safari za wafanyakazi za kila siku kati ya wilaya na wilaya, wala haitegemei mpaka wa halmashauri peke yake.

Dhana: Kiwango cha ukosefu wa ajira kikishuka, watu wengi zaidi wamepata kazi.

Si lazima. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kuianza, na ameitafuta katika siku za karibuni. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta huondolewa kwenye hesabu, na kiwango hushuka bila mtu yeyote kuajiriwa. Kwa upande mwingine, aliyefanya kazi ya malipo kwa saa moja tu katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Tena kuna hesabu mbili zinazochanganywa mara kwa mara: ile ya kaya humhesabu mfanyakazi mahali anapolala, na ile ya waajiri huihesabu nafasi ya kazi mahali ilipo, kiasi kwamba mwenye kazi mbili anaweza kuonekana mara mbili. Kitongoji chenye wafanyakazi wengi kinaweza kuwa na nafasi chache za kazi, na katikati ya jiji hali ikawa kinyume chake.

Dhana: Nyumba mpya za bei ghali huwapandishia kodi ya pango watu wa kipato cha chini.

Dhana hii ina nguvu kwa sababu inaonekana kuthibitishwa na macho: ghorofa mpya linasimama, na kodi za mtaa zinapanda. Lakini mara nyingi mjenzi amefuata mahali ambapo mahitaji yalikuwa yameshapanda, na wenye uwezo wangekuja hata kama asingejenga, wakashindania nyumba za zamani na wenye kipato kidogo. Utafiti uliofanywa Helsinki, nchini Finland, kwa kutumia rejesta ya wakazi, ulifuatilia kilichotokea baada ya nyumba mpya za soko huria kujengwa katikati ya jiji. Anayeingia kwenye nyumba mpya huacha ya zamani, mwingine huihamia hiyo akaacha yake, na mnyororo huo hufika mbali: kwa kila nyumba mpya 100, nafasi takribani 60 zilipatikana katika mitaa iliyo nusu ya chini kwa kipato. Auckland, nchini New Zealand, iliruhusu mwaka 2016 ujenzi wa nyumba nyingi zaidi katika takribani robo tatu ya ardhi yake ya makazi, na ndani ya miaka mitano vibali vya ujenzi viliongezeka karibu maradufu.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba soko litamfikia kila mtu. Kipo kipato ambacho hakiwezi kulipia hata gharama za kuitunza nyumba, na kwa wenye kipato hicho ruzuku au nyumba za umma hazikwepeki. Vienna, ambako karibu nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za manispaa au zilizojengwa kwa ruzuku, imefanya kazi hiyo kwa takribani karne moja, na imeendelea kujenga.

Dhana: Ajira zikiongezeka, wakazi wote hunufaika.

Katika eneo la San Francisco, ajira za miaka ya 2010 ziliongezeka kwa kasi iliyouacha mbali ujenzi wa nyumba. Sehemu kubwa ya mishahara mipya iliishia kwa wenye ardhi, na wahudumu na mafundi walisukumwa hadi miji kama Stockton, wakawa wanatumia saa nyingi barabarani kila siku.

Dhana: Bei ikishuka, nyumba imekuwa nafuu.

Mnunuzi wa kawaida hulipa kwa mkopo, kwa hiyo riba ina uzito sawa na bei. Nchini Marekani, riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilikuwa takribani asilimia 3 mwishoni mwa 2021, na ikapita asilimia 7 mwezi Oktoba 2022. Mkopo wa dola 300,000 kwa asilimia 3 hulipwa takribani dola 1,265 kwa mwezi. Ukipungua hadi dola 270,000 kwa asilimia 7, malipo yanafika karibu dola 1,800. Na wenye mikopo ya riba ya zamani hawana haraka ya kuuza, hata wanapopata kazi bora katika jiji jingine, kwa kuwa kuhama ni kuuacha mkopo huo na kuchukua mwingine kwa riba ya juu.