Barua kwa wakubwa: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Mwandikie mkubwa kabisa, wengine watakupotezea muda.

Barua ya namna hiyo kwa kawaida hufunguliwa na karani, huteremshwa idarani, na baada ya wiki kadhaa humfikia yule yule ambaye ungemwandikia tangu mwanzo. Hata jina kubwa halitoshi. Barua aliyoisaini Albert Einstein kwa Rais Franklin Roosevelt kuhusu bomu la atomiki ina tarehe ya 2 Agosti 1939. Ilimfikia Oktoba, tena kwa mkono wa Alexander Sachs, aliyekuwa na njia ya kumwona rais.

Mimi nampenda zaidi Gregory Watson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1982 aliandika insha akisema pendekezo la Katiba ya Marekani la mwaka 1789, linalozuia nyongeza ya mishahara ya wabunge kuanza kabla ya uchaguzi unaofuata, bado lingeweza kuridhiwa. Akapewa alama ya C. Rais hana kura katika jambo hilo, kwa hiyo Watson akawaandikia wabunge wa majimbo, kwani wao ndio wenye kuridhia. Jimbo la Maine lilikubali mwaka 1983, mengine yakafuata, na mwaka 1992 pendekezo likawa marekebisho ya 27 ya Katiba. C yenyewe ilibadilishwa kuwa A mwaka 2017!

Dhana: Wingi ndio nguvu.

Inategemea unataka nini. Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu lililotokana na makala ya Peter Benenson katika gazeti la The Observer la 28 Mei 1961, lilijengwa juu ya wingi: magunia ya barua huwaonyesha wakuu wa gereza kwamba mfungwa huyu ana watu wanaomfuatilia. Lakini mbunge akiletewa barua mia tano zilizonakiliwa neno kwa neno, ofisi yake huzihesabu rundo moja na kuzijibu kwa jibu moja. Yako ieleze lililokupata wewe, na anwani usiisahau: Uingereza, kwa desturi, mbunge hushughulikia barua za watu wa jimbo lake tu.

Dhana: Barua nzito ni ndefu.

Hapa watu humtaja Émile Zola, aliyeujaza kwa barua ya wazi ukurasa wa mbele wa gazeti la L'Aurore tarehe 13 Januari 1898 kumtetea Dreyfus, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa usaliti bila hatia. Zola alikuwa mwandishi mashuhuri mwenye gazeti nyuma yake, na bado alihukumiwa kwa kashfa akakimbilia Uingereza. Dreyfus alisafishwa mwaka 1906.

Wewe una ukurasa mmoja, na nusu yake wengi huimaliza kwa “husika na kichwa cha habari hapo juu”. Kisha linakuja ombi: “Tunaomba mlitazame suala hili kwa jicho la huruma.” Atakayelikataa hayupo, kwa sababu hakuna aliyeombwa kufanya lolote. Linganisha na hili: “Naomba ukipinge kifungu cha 12 kamati itakapokutana Jumanne.” Hapo lazima mtu aseme ndiyo au hapana.

Dhana: Barua kwa mhariri isipochapwa imepotea bure.

Nyingi huachwa kwa kuchelewa tu, au kwa kutojibu habari yoyote iliyotoka. Yako ikiachwa, badilisha salamu umpelekee mhusika mwenyewe.