Kumuuguza mtu aliyepata kiharusi: dhana potofu na ukweli

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka wodini, wiki ya kwanza nyumba hujaa watu. Ikifika ya tatu, amebaki na mkewe au binti mmoja tu, na huduma anayoipata inategemea yale waliyoyasikia kwa wageni. Mengi si kweli.

"Amerogwa, hospitali hawauwezi ugonjwa huu."

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka, na chanzo kikuu ni shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Mshipa ukiziba, ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine, kuonyesha kwamba damu haijavujia kwenye ubongo. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukigoma kuinuka au maneno yakivurugika ghafla, tazama saa, uikumbuke, kisha tafuteni gari. Daktari ataiuliza saa hiyo kabla ya mengine.

"Anyweshwe hata maji kidogo, hajala tangu jana."

Hapa ndipo huruma inapodhuru zaidi. Kiharusi mara nyingi hulegeza misuli ya koo, na kinachopaswa kwenda tumboni huingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Maji ndiyo mabaya zaidi kwa sababu hukimbia upesi kuliko uji mzito. Asipewe chochote mdomoni hadi mhudumu wa afya apime namna anavyomeza. Akiruhusiwa kula, aketi wima, alishwe kwa kijiko cha chai, na kijiko cha pili kisubiri hadi cha kwanza kimezwe. Chungulia shavu la upande uliolegea, maana chakula hujificha humo bila yeye kuhisi. Akikohoa, au sauti ikisikika kana kwamba ina maji kooni, acha. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Mgeni aliyeleta supu aambiwe haya mlangoni.

"Mvute mkono asimame."

Misuli inayoshikilia bega upande uliopooza imelegea. Ukiuvuta mkono, bega huteguka, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi kwa miezi. Mketishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote chini, miguu ikiwa nyuma kidogo ya magoti. Funga kanga imara kiunoni mwake, simama upande wake dhaifu, mwambie ainame mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, kisha inukeni pamoja ukiwa umeshika kanga. Vijana wawili wa jirani wakifundishwa hivi siku moja na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mama wa nyumbani anaokoa mgongo wake.

"Mgonjwa ni wa kufanyiwa kila kitu."

Ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia. Anayevishwa na kulishwa wakati anaweza kujaribu hunyimwa mazoezi yenyewe. Avae shati mwenyewe hata kama litachukua robo saa: mkono dhaifu uingie kwanza, na wakati wa kuvua utoke mwisho. Nafuu kubwa huonekana miezi 3 ya mwanzo, ila haikomi hapo. Wapo wanaoendelea kupata nguvu mwaka wa pili.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, na visigino, nyonga na kitako vikaguliwe. Ngozi iliyobadilika rangi na isiyopauka ukiibonyeza ni mwanzo wa kidonda.

"Haongei, basi haelewi."

Wengi hupoteza maneno huku akili ikisikia kila kitu. Inaumiza kuona ndugu wanajadili mgao wa shamba kando ya kitanda chake. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, kwa sentensi fupi, bila kupaza sauti, na umngoje. Akilia mara kwa mara, akikataa chakula au mazoezi, si kwamba hana shukrani. Takriban mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kiharusi, nayo ina tiba, mwambieni daktari.

"Anatembea sasa, vidonge vya presha aachane navyo."

Hapana. Hivyo ndivyo kiharusi cha pili kinavyokuja.

"Msaada ni kwenda kumjulia hali."

Kumtembelea ni vizuri, ila anayemuuguza anahitaji usingizi. Kikundi cha msikitini, jumuiya ndogo ndogo au chama cha akina mama kipange zamu kwenye karatasi ubaoni: nani anamgeuza usiku wa Jumanne, nani anampeleka kliniki, nani anachangia nauli ya bajaji ya kwenda mazoezini mwezi huu. Zamu hizo zipangwe kwa miezi 3 angalau, na majina yaandikwe wakati nyumba bado imejaa.