Sheria ya familia ya mwenye nacho na ya asiye nacho, walichokiona wasomi wa sheria Marekani

Mwaka 1964 kuna profesa wa California anaitwa Jacobus tenBroek, mtu ambaye alikuwa haoni toka ujana wake, alitoa makala ndefu sana kwenye jarida la sheria la Stanford, sehemu mbili mwaka huo na ya tatu 1965, na alichosema humo bado kinawahusu watu mpaka leo. Alisema jimbo lake halina sheria moja ya familia, lina mbili. Moja ni ya watu wenye kipato, wakigombana kuhusu ndoa au watoto wanaenda mahakamani wenyewe wakitaka, jaji anawasikiliza na serikali inakaa pembeni. Ya pili ni ya maskini wanaoishi kwa msaada wa serikali, na hapo serikali inaingia mpaka chumbani, inauliza nani analala na nani, nani anapaswa kumlisha nani, mpaka ndugu wanafuatwa walipe. Akaonyesha chanzo chake, sheria za maskini za Uingereza za mwaka 1601, ambazo lengo lake kubwa lilikuwa kupunguza gharama za serikali, familia yenyewe ilikuwa inakuja baadaye.

Nawaelezea hii kwa sababu watu wengi wanafikiri kazi ya wasomi wa vyuo vya sheria ni kuandikiana wao kwa wao tu. Sio kweli. Kuna wakati jaji anashika makala ya profesa na maisha ya watu yanabadilika.

Chukua Alabama. Kule kulikuwa na kanuni kwamba mama akiwa na mwanaume, hata kama huyo mwanaume sio baba wa watoto na halazimiki kisheria kuwatunza, watoto wanakatiwa msaada. Mjane mmoja mwenye watoto wanne akakatiwa, akashtaki, na mwaka 1968 kwenye kesi ya King dhidi ya Smith Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa ile kanuni, majaji wote kwa pamoja. Miaka miwili baadae ikaja Goldberg dhidi ya Kelly, 1970, mahakama ikasema huwezi kumkatia mtu msaada anaoishi nao kabla hujampa nafasi ya kusikilizwa, na humo ndani majaji wakanukuu makala ya Charles Reich, profesa wa Yale, aliyeandika 1964 kwamba msaada wa serikali kwa mtu wa kawaida una uzito uleule wa mali, ukiuchukua hivi hivi tu umemnyang'anya.

Sasa sehemu inayoniuma zaidi ni ya watoto kuchukuliwa. Dorothy Roberts, profesa wa University of Pennsylvania, amefanya kazi miaka mingi kuonyesha kwamba familia za watu weusi zinachunguzwa na kutenganishwa kupita kiasi ukilinganisha na idadi yao, na kwamba kinachoandikwa kwenye faili kama uzembe wa mzazi mara nyingi ni umaskini wenyewe. Yaani nyumba haina hita ya kupasha joto wakati wa baridi, friji iko tupu, mama kaenda kazini hana wa kumwachia mtoto. Sehemu kubwa ya watoto wanaopelekwa malezi ya kambo Marekani, yaani kuchukuliwa na serikali na kulelewa na watu wengine, faili zao zinasema hawakutunzwa ipasavyo, wanaopigwa au kuumizwa ni wachache zaidi. Wapo watoto wanaoumizwa kweli na hao lazima waokolewe haraka, hilo sina ubishi nalo hata kidogo. Lakini kama tatizo ni hita, kwa nini serikali ilipe familia nyingine imlee mtoto badala ya kununua hita?

Halafu kuna saa inayohesabu. Sheria ya shirikisho ya 1997 inasema mtoto akikaa malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo kwa kawaida linatakiwa lifungue maombi ya kumvua mzazi haki zake, kuna sababu chache za kuruhusu isiwe hivyo. Nia ilikuwa nzuri, mtoto asizungushwe nyumba za watu mpaka anakua. Ila fikiria mama yuko kwenye foleni ya nyumba za gharama nafuu, au yuko gerezani kwa kifungo cha miaka miwili, miezi 15 inaisha yeye bado hajafanya kosa jipya lolote kwa mwanae.

Na hapo je ana wakili? Ukishtakiwa kwa kosa zito la jinai na huna hela, toka 1963 kwenye kesi ya Gideon unapewa wakili bure. Kesi ya kunyang'anywa mtoto kabisa inahesabiwa ni ya madai, sio ya jinai, kwa hiyo Gideon haikuhusu. Mwaka 1981 kwenye kesi ya Lassiter, mama aliyeletwa kutoka gerezani bila wakili, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 kwa 4 kwamba katiba haimpi kila mzazi wakili, jaji aangalie kesi kwa kesi. Mimi naona ule uamuzi ulikosea kabisa, kwa sababu wazazi wengi wangechagua kukaa jela mwaka mzima kuliko kufutwa kwenye maisha ya watoto wao. Nashukuru majimbo mengi yametunga sheria zao yakatoa wakili hata hivyo. Kwenye matunzo ya mtoto hali ni ngumu zaidi, 2011 kesi ya Turner ya South Carolina, baba alifungwa miezi 12 kwa deni la dola 5,728 hivi, hana wakili, na jaji hakuandika popote kama ana uwezo wa kulipa. Mahakama ya Juu haikumpa haki ya wakili moja kwa moja ila ikasema kufungwa kule kulikuwa kinyume cha katiba, lazima mtu aambiwe kwamba uwezo wake wa kulipa ndio swali lenyewe, apewe fomu ya kueleza kipato chake na jaji atamke wazi kama anaweza.

Utetezi mzuri unasaidia na hili limepimwa. New York City walianza kuwapa wazazi ofisi ambazo wakili anafanya kazi pamoja na mtu wa ustawi wa jamii na mzazi aliyewahi kupitia hayo hayo. Utafiti uliotoka 2019, Martin Guggenheim wa New York University akiwa mmoja wa waandishi, ulikuta watoto wa wazazi hao walikaa malezi ya kambo kwa wastani siku 118 pungufu ndani ya miaka minne, na usalama wao haukushuka.

Kwa hiyo wewe au ndugu yako uliyeko Marekani ukipata barua ya mahakama ya familia, usikose tarehe hata kama unaogopa, na siku ya kwanza kabisa mwambie jaji unaomba wakili kabla hujajibu chochote. Kama huongei Kiingereza vizuri omba mkalimani, usimtumie mtoto wako kutafsiri. Kesi ikiwa ya matunzo beba karatasi za mshahara, za kuachishwa kazi, za hospitali. Vyuo vingi vya sheria vina kliniki ambako wanafunzi wanatetea watu bure wakisimamiwa na maprofesa wao, piga simu chuo kilicho karibu uulize kama wanachukua kesi za familia.