Mgongano wa maslahi si rushwa

Kiongozi akitajwa vibaya barzani siku hizi, neno ni lile lile: "Huyu ana mgongano wa maslahi." Na anayesema anakusudia kwamba bwana huyo kala pesa. Sivyo. Mgongano wa maslahi ni hali ya mwenye dhamana ya umma kuwa na jambo lake binafsi, iwe mali, jamaa au biashara, linaloweza kumvuta katika uamuzi wa kazi. Maana imeishia hapo.

Linalochosha ni kuchanganya hali na kitendo. Rushwa ni kitendo: mtu kaomba, katoa au kapokea. Mgongano unaweza kuwapo bila ya senti moja kupita mkononi. Chukua kamati ya zabuni ya madawati ya skuli. Mwenyekiti anasoma orodha ya waombaji, anakuta jina la mtoto wa shangazi yake. Hajafanya kosa lolote, na mgongano tayari upo. Upo hata kama zabuni ataipata mwengine. Kinachotakiwa ni aseme mapema, kabla bahasha hazijafunguliwa, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha atoke nje wenzake waamue. Akinyamaza akabaki kitini, hapo ndipo lawama inapoanza, hata kama bei ya yule jamaa ilikuwa nafuu kuliko zote. Na visiwani kwetu, ambako ukimuuliza mtu ukoo wake mara mbili mshakuwa ndugu, atakayeniambia hana mgongano na yeyote mimi simuamini.

Wasomi nao hawajasalimika. Mhadhiri akiteuliwa kusimamia maadili ya viongozi, huja na wanafunzi wake wa zamani ambao sasa ni wakuu wa idara, na pengine kazi za ushauri alizolipwa na taasisi zile zile. Juu ya hayo, watu humtarajia afunge wezi. PLO Lumumba alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza Tume ya Kupambana na Ufisadi ya Kenya kuanzia 2010. Watu walisubiri pingu, wakati tume ile kazi yake ilikuwa kuchunguza. Kushtaki kulikuwa kwa wengine. Mwaka 2011 ikaja sheria ya tume mpya, naye akaondoka.

Zanzibar nayo imeitenga kazi ya maadili na kazi ya rushwa. Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyotokana na Sheria Namba 4 ya 2015, hupokea matamko ya mali na madeni ya viongozi na hushughulikia migongano ya maslahi. Rushwa ina ofisi yake, ZAECA, yaani Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa na ushahidi kwamba mtu kapokea fedha, sema rushwa, na ushahidi upeleke ZAECA. Ukijua tu kwamba alikaa kwenye kikao kilichompa kazi mkwewe, hilo ni la Tume ya Maadili, na habari ya pesa usiitie mpaka uwe nayo.